Kilimanjaro kwa misimu: mimi nasema Juni ndiyo yenyewe. Wewe unasema mwezi gani, na kwa nini?

#1 Mmarangu wa Juu
Wakuu, habari za muda.

Kila anayetaka kupanda Kilimanjaro anatajiwa miezi ile ile: Januari na Februari, au Julai mpaka Oktoba. Nimezaliwa Marangu, riziki yangu inatoka mlimani, na nasema wazi kwamba wiki za mwanzo za Juni zinashinda zote.

Masika inakuwa imeosha vumbi na moshi wote angani. Ukitoka Mandara, kibanda cha kwanza cha njia ya Marangu, alfajiri ukapanda kidogo mpaka kreta ya Maundi, tambarare za Kenya unaziona kama umezitandika mwenyewe. Vijito vya njiani kwenda Horombo, kibanda cha pili, vyote vina maji. Theluji ya Kibo, kilele kikuu, bado imeshuka chini. Na ule uwanda mkavu kati ya kilele cha Mawenzi na Kibo, asubuhi ya Juni una kitu sijakiona mwezi mwingine kwa wingi ule: sindano za barafu, urefu wa kidole, zimechomoza usiku na kuinua udongo mzima juu. Ukikanyaga unasikia zinavunjika chini ya buti. Ikifika saa nne jua likawaka, pale pale pamekuwa tope jembamba.

Sasa naomba wajuzi mnisaidie mambo mawili. Kwa nini masika mwaka mwingine inakata katikati ya Mei, na mwaka mwingine inaburuza hadi Juni? Na kwa nini wenzetu wa njia ya Rongai, upande wa kaskazini, wanapanda wakavu siku ambayo sisi tunalowa mpaka mifupa?

#2 Tope la Umbwe
Mkuu, Juni unaipigia debe kwa sababu mwezi huo wageni bado hawajafurika na wewe una nafasi. Tunakujua 😀

Mimi Februari. Asubuhi hakuna upepo wa kukata masikio, usiku kambi ya Barafu unalala bila kuvaa nguo zote ulizobeba. Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi kali kuliko yote. Mtu wa Dar ukimpeleka Julai atakuchukia maisha.

#3 Shangazi wa Himo
Nakaa hapa nisome taratibu. Ila si mlima unafungwa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Mei? Ndivyo nilivyosikia tangu niko mdogo.

#4 Mpishi wa Kambi
Shangazi shikamoo. Hapana, haufungwi. Geti la Marangu liko wazi mwaka mzima, askari wa hifadhi wapo, vibanda vya Mandara na Horombo vipo. Kinachofungwa ni baadhi ya hoteli za chini na ofisi za kampuni, maana wageni wanapungua na wenye kampuni wanatumia miezi hiyo kukarabati magari na mahema. Ndiyo maana huku chini inaonekana kama mlima wote umelala.

Aprili nimepika Horombo mara nyingi. Jiko linavuta moshi, kuni hakuna, gesi inasumbua kwa baridi, nguo hazikauki. Lakini kazi ipo.

#5 Binti Kiboriloni
Nathibitisha #4. Nilipanda Aprili na rafiki zangu, sote wa Moshi, kwa sababu ndiyo likizo tuliyopata. Msituni mvua ilianza kabla hatujafika nusu ya njia na haikukata mpaka Mandara. Njia yenyewe ilikuwa kijito. Mbega walikuwa wamejikunyata juu ya miti, manyoya yameshikana, hata hawakukimbia.

Lakini siku ya pili, tulipotoka kwenye msitu na kuingia kwenye vichaka vya erika, tulikuwa juu ya mawingu. Chini yetu pamefunikwa peupe kote, juu anga ni buluu. Kibo imevaa theluji mpaka karibu na kibanda cha Kibo chenyewe. Horombo, ambako Agosti watu wanagombania meza, tulikula sisi na kikundi kingine kimoja tu.

Kwa hiyo wanaosema Aprili ni mwezi wa kukaa nyumbani, nawakatalia. Ni mwezi wa kujua unachokwenda kufanya.

#6 Ngata Kichwani
Dada umesema vizuri, lakini mmesahau upande wetu.

Mimi ni mpagazi. Getini mzigo unapimwa, kilo 20 mwisho. Sawa. Lakini hema linapimwa likiwa kavu. Usiku mvua inanyesha, asubuhi tunalikunja likiwa limelowa, hatuna muda wa kulianika kwa sababu lazima tutangulie kufika kambi inayofuata kabla ya mgeni. Sasa lile hema si la kilo zile za getini. Ngata yenyewe imenyonya maji, yanashuka shingoni. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilitupa hema la wapagazi lenye tundu, tukalala tumekaa, migongo tumeiegemezeana.

Mnapochagua mwezi, ulizeni pia waliobeba mizigo wamevaa nini na wanalala wapi. Kwetu mwezi mzuri ni ule ambao buti zinakauka usiku. Kwa hiyo mimi Septemba.

#7 Mmarangu wa Juu
#6 umenigusa, na ni kweli kabisa. Mimi nawaambia wageni wangu: mkija miezi ya mvua, ongezeni mtu mmoja wa kubeba. Wengine wanaelewa, wengine wananuna.

Ila Septemba vumbi, ndugu yangu. Kutoka kibanda cha Kibo kwenda juu unakula changarawe.

#8 Mwalimu wa Jiografia
Nijaribu kujibu maswali ya #1.

Kwanza tutenganishe mambo mawili: msimu wa mwaka na msimu wa siku. Kwa mwaka tunaongozwa na pepo mbili. Kusi inavuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Novemba hivi. Pale zinapopishana ndipo mvua kubwa: masika Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Kusi inafika ikiwa imebeba unyevu wa bahari, inagonga Kilimanjaro upande wa kusini, inapanda, inapoa, inamwaga. Ndiyo maana Marangu, Machame na Umbwe ni kijani. Ikivuka kwenda Rongai imeshaacha maji yake nyuma.

Kwa siku: jua linapasha miteremko, hewa inapanda kutoka mashambani, saa tano au saa sita msitu umeshavaa wingu. Usiku hewa baridi inashuka na mlima unafunuka. Mvua nyingi kuliko kote inanyesha kwenye ukanda wa msitu upande wa kusini, kwenye mita 2,000 na kitu, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kuanzia hapo kwenda juu inapungua mpaka unakuta jangwa.

Na huko juu tofauti kati ya mchana na usiku wa siku moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya Januari na Julai. Watu wanabishana mwezi wakati wangebishana saa.

#9 Jirani wa Loitokitok
Mwalimu heshima yako, lakini hapo kuna shimo. Mimi niko upande wa Kenya, mlima nauona kutoka dirishani. Kama ni kivuli cha mvua peke yake, basi kaskazi ikivuma Novemba na Desemba, upande wetu ndio ungekuwa unalowa na ninyi wa Marangu mkae kavu. Ni kweli mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tunayoitegemea shambani kuliko ile ya Aprili. Lakini hata ikinyesha vizuri, haifikii ile yenu. Na ninyi Novemba hamkauki, mnalowa tu. Hilo unalielezaje?

#10 Mwalimu wa Jiografia
Swali zuri sana. Kaskazi inakuja ikiwa imepita juu ya nchi kavu, Pembe ya Afrika na nyika zote zile, kwa hiyo haina mzigo mkubwa wa maji kama kusi. Lakini nakiri kwamba hiyo inaeleza kwa nini ninyi mnapata kidogo. Haielezi kwa nini Marangu inalowa Novemba.

#11 Babu wa Kihamba
Inalowa kwa sababu ya msitu, wanangu. Upande wa kusini msitu ni mpana na mnene, unapumua maji yake wenyewe na kuyarudisha. Na juu ya msitu kulikuwa na ukanda wa erika mirefu, si hivi vichaka vya leo, miti kabisa yenye ndevu za kuvu zinaning'inia. Ile ilikuwa inakamata ukungu. Ukisimama chini yake siku isiyo na mvua unadondokewa. Moto umeila. Miaka hii tu, Oktoba 2020 umeanzia Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukala mlima mzima wa vichaka, Oktoba 2022 tena upande wa kambi ya Karanga. Tazameni mwezi: Oktoba zote mbili, mwisho wa kiangazi, majani yamekauka.

Mifongo ya ukoo wetu, mifereji ya kumwagilia mashamba, ilikuwa na maji mwaka mzima. Leo Septemba na Oktoba tunapangiana zamu na mingine imekufa. Mnauliza masika imekuwaje, ulizeni kwanza msitu umekuwaje.

#12 Tope la Umbwe
Babu shikamoo. Nakubali moto na ukungu. Lakini msitu hauwezi kuamua masika ianze lini. Ile inatoka baharini.

#13 Kisiwa cha Pepo
#12 yuko sahihi kwa sehemu. Mimi ni mtu wa Tanga, baharini tunafuatilia sana utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kwa vuli, mchezo uko Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia yakapoa, vuli inakuwa ya mafuriko. Vuli ya 2019 ilikuwa hivyo. Ya 2023 pia, na hapo El Nino ikaongezea. Ikigeuka, vuli inakuwa kavu na unaweza kupanda Novemba ukitokwa jasho.

Masika haifuati kanuni hiyo vizuri. Ni msimu mgumu kutabiri kuliko vuli. Kwa hiyo swali la #1 kuhusu kukata Mei au Juni, mwenye jibu la uhakika mwaka mmoja kabla, mwogope.

#14 Nanyuki Juu
Wadau wa Bongo, hamjambo. Niongeze kitu kutoka Mlima Kenya.

Sisi tuko karibu na ikweta kabisa, kwa hiyo jua linakaa kaskazini yetu kati ya Juni na Septemba, na kusini yetu kati ya Desemba na Machi. Wanaopanda kilele cha Batian, mita 5,199, kwa kamba, wanajua hili kama sala. Katikati ya mwaka wanapanda uso wa kaskazini, mwamba umekauka, wakati huo uso wa kusini umejaa barafu. Januari ni kinyume chake. Mlima mmoja, siku moja, upande huu ni kiangazi na upande ule ni majira ya baridi.

Point Lenana, mita 4,985, ambako wengi wetu tunaishia, hakuna shida hiyo. Lakini njia zinatofautiana vilevile: Sirimon ni kavu, Naro Moru ina lile bwawa la wima, kila hatua mguu unazama. Kwa hiyo usiulize mwezi tu. Uliza na upande.

#15 Shangazi wa Himo
Marahaba #4. Hii ya #14 sikuwahi kuisikia. Na huku kwetu barafu ya Kibo si wanasema iliisha mwaka 2020? Mbona mimi bado naiona kutoka stendi?

#16 Binti Kiboriloni
Haikuisha Shangazi. Mwaka 2002 kuna wanasayansi wa Marekani walitabiri ingetoweka kati ya 2015 na 2020, ndipo maneno hayo yakaenea. Ipo mpaka leo, ila kidogo sana. Mwaka 1912 ilipopimwa ilikuwa karibu kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Na vingi vya unavyoviona kutoka stendi asubuhi baada ya mvua ni theluji mpya, siku mbili tatu imeondoka. Barafu yenyewe ya zamani ni yale mapande juu ya ukingo na ndani ya kreta.

#17 Mmarangu wa Juu
Na hapo kwenye barafu kuna ubishi wa miaka. Wageni wengine wananiambia ni ongezeko la joto duniani, basi. Wengine, tena wasomi wa milima, wananiambia Kibo juu kule joto la hewa linakaa chini ya sifuri karibu muda wote, kwa hiyo barafu haiyeyuki kama mshumaa. Inaliwa na jua moja kwa moja, inageuka mvuke bila kupitia maji, na tatizo ni kwamba theluji mpya ya kuijazia imepungua tangu mwisho wa karne ya 19, hewa ya Afrika Mashariki ilipokauka. Ukiziona kuta za barafu za kule juu, zimesimama wima, zimechongwa, unaona kweli jua linakata ubavuni.

#18 Babu wa Kihamba
Na hewa imekauka kwa nini? Tunarudi kwenye msitu.

#19 Kisiwa cha Pepo
Babu, imeanza kukauka kabla msumeno wa kwanza haujafika Kilimanjaro. Tunarudi baharini. Na bahari inapata joto kwa sababu gani leo? Tunarudi kwenye moshi wa viwanda. Mimi naona haya mambo hayagombani, yanapokezana.

#20 Mpenda Historia
Kuhusu misimu na barafu, tazameni safari ya kwanza. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Oktoba, mwisho wa kiangazi, mwezi ambao sasa tunaulalamikia vumbi. Kufika ukingo wa kreta ilibidi wachonge ngazi kwenye barafu kwa shoka. Leo upande wa Gilman's, pale njia ya Marangu inapofikia ukingo wa kreta, unafika ukingoni Oktoba hiyo hiyo bila kugusa barafu, changarawe tupu.

Na anayetajwa kuwaonyesha njia tusimsahau, Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Jina lake liko getini.

Halafu Mwenge wa Uhuru Luteni Nyirenda aliupandisha katikati ya mwaka wakati wa baridi, sasa fikirini mzigo ule.

#21 Mpishi wa Kambi
Mkuu hapo mwisho rekebisha. Mwenge uliwashwa kileleni usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, ule ule wa uhuru. Hiyo ni vuli, tena vuli ya 1961 inakumbukwa kwa mvua na mafuriko Afrika Mashariki nzima. Alexander Nyirenda alipanda katika hali mbaya kuliko baridi ya Julai.

#22 Mpenda Historia
Asante. Na hiyo inampa heshima zaidi.

#23 Kijana wa Ubungo
Wakuu mimi nataka kwenda na kundi la tarehe 9 Desemba mwaka huu. Sijawahi kupanda hata Uluguru. Niogope mvua au niogope urefu?

#24 Nesi wa Machame
Uogope haraka.

Mvua utavaa koti. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi unapata karibu nusu ya oksijeni unayoipata Ubungo. Nimewapokea wengi walioshushwa, wa miezi yote, na mara nyingi chanzo ni siku chache. Marangu ya siku tano inabana sana. Ongeza siku moja Horombo, mita 3,720, upande mpaka Zebra Rocks, urudi kulala chini. Kichwa kikiuma na kikazidi, unatapika, unayumba kama mlevi, hakuna ushujaa hapo. Dawa ni kushuka, hata kama ni saa nane ya usiku na mvua inanyesha.

#25 Tope la Umbwe
Na supu ya kitunguu saumu. Wapishi wote wanaijua.

#26 Nesi wa Machame
Kitunguu saumu kizuri kwa ladha na kinakufanya unywe maji ya moto mengi, sikatai. Hakimzuii mtu kuugua mlimani. Vidonge vya diamoksi vinamsaidia mwili kuzoea, lakini hivyo uongee kwanza na daktari wako, maana vina watu visivyowafaa.

#27 Ngata Kichwani
Kijana wa Ubungo, Desemba chukua vitu hivi: koti la mvua la kweli, si la nailoni ya barabarani. Boshori mbili, moja ikilowa uwe na nyingine. Nguo za kulalia uzifunge kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi, hata begi likianguka mtoni usiku unalala mkavu. Tochi ya kichwa na betri za akiba, ulale nazo ndani ya begi la kulalia kwa sababu baridi inazinyonya. Na ukifika kambini saa kumi ukute chai na bisi, kunywa. Usiseme huna njaa.

#28 Kijana wa Ubungo
Shukrani sana. Swali la mwisho: kwa nini siku ya kilele tunaondoka saa sita usiku? Si tungeondoka asubuhi tuone njia?

#29 Mmarangu wa Juu
Changarawe. Usiku imeganda, mguu unashika. Mchana imelegea, unapanda hatua mbili unarudi moja.

#30 Mpishi wa Kambi
Mimi nilifundishwa ni kwa ajili ya mawingu. Ukiwa juu alfajiri unaona. Ukifika saa sita mchana umefunikwa, na masika au vuli ndiyo theluji inapoanza kudondoka.

#31 Nesi wa Machame
Ni muda wa kushuka. Anayefika kilele cha Uhuru saa moja asubuhi anaweza kulala Horombo jioni, mita zaidi ya 2,000 chini. Anayefika saa nane mchana analala juu na hali yake.

#32 Binti Kiboriloni
Na jua likichomoza nyuma ya Mawenzi mkiwa Gilman's, mita 5,685, miguu inasahau. Hiyo nayo ni sababu. Kuna mwongoza wageni aliniambia ni ili tusiione ile miteremko mbele yetu tukakata tamaa. Aprili tuliyopanda, mwezi ulikuwa mpevu na theluji imetanda, tuliona kila kitu mpaka juu na hakuna aliyekata tamaa.

#33 Nanyuki Juu
Kwa mawe pia. Barafu na baridi ya usiku vinashikilia mawe, jua likipiga yanaachia. Kule kwenu Western Breach, ile njia ya upande wa magharibi wa Kibo, si ndiko Januari 2006 mawe yaliua wapandaji watatu? Kadiri barafu inavyopungua ndivyo mawe yaliyokuwa yamegandishwa yanavyobaki bila mshiko. Huku kwetu tunaliona pia.

#34 Tope la Umbwe
Kweli, na ilifungwa muda baada ya hapo. Lakini angalia, ile ni Januari, jirani wa Februari yangu niliyoisifia. Hakuna mwezi unaokuepusha na hilo.

#35 Jirani wa Loitokitok
Nawarudisha kwenye swali langu la #9, bado halijajibiwa. Marangu inalowa Novemba kwa nini, kama upepo unatoka kwetu?

#36 Mwalimu wa Jiografia
Nimelifikiria. Nadhani upepo mkubwa wa msimu sio unaoleta mvua ya kila siku. Mlima ni mkubwa kiasi kwamba unatengeneza upepo wake. Mchana miteremko inavuta hewa kutoka pande zote, na upande wa kusini hewa inayovutwa imepita kwenye mashamba ya migomba na msitu, ina maji. Upande wako inavutwa kutoka nyika kavu. Kwa hiyo Novemba bahari na pepo zinaleta unyevu juu ya wote, na mlima unaamua nani apate.

#37 Babu wa Kihamba
Mashamba na msitu. Asante mwalimu, umefika nyumbani.

#38 Kisiwa cha Pepo
Msitu uko pale kwa sababu kuna mvua, Babu. Kipi kilianza?

#39 Babu wa Kihamba
Njoo upande Kilema nikuonyeshe mfongo uliokauka baada ya watu kufyeka juu yake, mvua ikiwa ile ile.

#40 Jirani wa Loitokitok
Sijaridhika. Upande wetu nao una msitu juu, mwembamba lakini upo, na Novemba mawingu yanaujaa asubuhi, si mchana. Mwalimu anasema mchana. Mwenye kupanda Rongai vuli mara kwa mara aje aseme wingu linamkuta saa ngapi na urefu gani.

#41 Ngata Kichwani
Mimi nimebeba Rongai Novemba. Kuanzia getini Nale Moru ukungu tunaukuta asubuhi kweli, unaondoka saa tatu au saa nne. Mvua yenyewe ikija inatujia mchana, tena kutoka juu, kutoka upande wa Mawenzi, haitoki tambarare. Inakuwa fupi. Hema linakauka kabla ya giza.

#42 Mmarangu wa Juu
Kutoka Mawenzi! Hiyo ina maana inavuka kutoka kwetu. Ngata, nakuuliza: ikija hivyo, upepo chini unavuma kwenda wapi? Na wewe Jirani, wakati huo kwenu Loitokitok anga ikoje? Mwezi wa kumi na moja nitakuwa Horombo na kikundi. Mkiandika saa na upande wa upepo kila siku ninyi wawili, na mimi nikaandika, tutakuwa na kitu cha kumpa Mwalimu.

#43 Jirani wa Loitokitok
Nitaandika kuanzia tarehe moja. Asubuhi, saa sita, na jioni.